Mkonga uani: ufa wa chesisi, bampa la winchi na reli za ubavuni

Gari lenyewe

Ni Toyota Land Cruiser HZJ75, pikapu ya milango miwili, ile ambayo Arusha nzima inaiita mkonga. Injini ni 1HZ, dizeli ya silinda sita, cc 4164, haina turbo wala kompyuta. Springi ni za majani mbele na nyuma, ekseli ni za kipande kimoja, na kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma ni mm 2980. Kabla ya kufika kwangu limefanya kazi za shamba na limebeba mawe, na inaonekana. Injini sina neno nayo. Shughuli ya shajara hii ni chuma.

Mpango wa mwanzo ulikuwa mfupi: kung'oa bampa la zamani, kujenga jipya lenye kitanda cha winchi (mashine ya ngoma na kamba ya kujivutia gari linapokwama), kisha kuweka reli za ubavuni chini ya milango. Kazi yote inafanyika nyumbani, kwenye kipande cha zege nyuma ya nyumba, nikisaidiwa na mdogo wangu siku ambazo hana vipindi. Vifaa ni mashine ndogo ya kuchomelea ya inveta, grenda mbili, drili ya kusimama, klempu, pimamaji na futikamba. Mashine ya kukunjia bomba sina; hiyo kazi inakwenda kwa mafundi wa Unga Limited, mtaa wa hapa Arusha.

Jumamosi: kung'oa

Bampa la zamani lilikuwa la mabomba manene, refu kwenda mbele, zito kiasi kwamba tulilishusha kwa jeki mbili. Tatizo si uzito peke yake. Aliyelitengeneza hakutumia bolti hata moja: alilichomelea moja kwa moja kwenye pembe za mbele za chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, mshono ukashuka wima kutoka juu hadi chini kila upande. Nilikata kwa disiki nyembamba upande wa bampa, nikaacha kisiki cha mm chache, kisha nikakisaga taratibu kwa disiki ya kusagia ili nisile ukuta wa chesisi.

Nilipofika kwenye chuma cheupe upande wa kulia, upande wa steringi boksi (boksi la gia za usukani), kulikuwa na alama nyembamba iliyoanzia pale pale mshono ulipoishia. Mkwaruzo wa grenda au ufa? Kwa macho huwezi kusema. Kuna dawa za kopo za kutafutia ufa, ya kusafishia, nyekundu na nyeupe, na zinafanya kazi vizuri. Lakini kuna njia ya mafundi wa zamani ambayo haihitaji safari ya dukani. Unapaka mafuta ya taa kwenye chuma kisafi, unayaacha yapenye, unafuta mpaka pakauke kabisa, halafu unasugua chaki nyeupe juu yake. Kama ni mkwaruzo, chaki inabaki nyeupe. Kama ni ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanapanda na kuilowesha chaki.

Mstari ulijitokeza tukiwa tunautazama. Ulianza kwenye ncha ya mshono wa zamani, ukaenda nyuma kuelekea bolti za steringi boksi, urefu wa kidole cha kati hivi, ukiwa na kona moja ndogo njiani. Mdogo wangu alipiga picha. Orodha ya kazi ikabadilika hapo hapo: ufa kwanza, mengine baadaye.

Jumapili: mzee wa Unga Limited

Kuna mzee mmoja amechomelea matrela na magari ya watalii tangu mimi niko shule. Nilimfuata, akakubali kuja baada ya ibada. Sikutaka anifanyie kazi, nilitaka anitazamie.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani alikuchomelea hivi?"

"Nimelikuta hivyo, mzee. Nililinunua nalo."

Alipiga magoti, akapitisha ukucha juu ya ufa, kisha akaokota kipande cha bampa la zamani kilichobaki na mshono wake. Akakigeuza geuza. "Huyu alijua kuchomelea," akasema. "Angekuwa hajui, bampa lingedondoka mapema na chesisi ingepona."

Nimeliwaza sana hilo neno, na naona lina ukweli wote wa kazi hii ndani yake. Chesisi ya gari la namna hii ni ngazi iliyolazwa: reli mbili ndefu na vipande vya kukatiza. Mtu akibeba ngazi mbele na mwenzake nyuma, mmoja akiinua bega la kulia, ngazi inajisokota. Ndivyo gari linavyofanya kila tairi moja linapopanda jiwe, na limeundwa lifanye hivyo. Sasa chukua kipande kimoja cha hiyo reli ukifanye kigumu ghafla kwa mshono wa wima. Msokoto wote uliokuwa unagawanyika kwenye urefu mzima unakuja kukusanyika kwenye mstari mmoja, pale chuma kigumu kinapokutana na kilaini, na pale pale ndipo joto la kuchomelea limeshabadilisha chuma. Ukiongeza bampa zito linalopiga juu chini kwenye rafu, ufa ni suala la muda.

Kwa hiyo kanuni ya mradi imekuwa moja: kitu chochote ninachoongeza kwenye chesisi kisiikatize wima, na kila kinachoweza kufungwa kwa bolti kifungwe kwa bolti.

Mzee alikunywa chai, akakataa hela, akachukua mabomba ya bampa la zamani. Biashara nzuri kwa wote.

Katikati ya wiki: umeme

Hii si ya kuandika mengi, ila watu wengi wanaanza kuchomelea nyumbani na kuishia kuunguza soketi. Elektrodi, yaani kijiti cha kuchomelea, ya mm 3.2 inataka takriban ampea 110 hadi 120. Tao, ule moto wa umeme kwenye ncha ya kijiti, la volti 25 kwa ampea 120 ni kilowati 3, na ukiweka upotevu wa mashine, ukutani unavuta karibu ampea 20 au zaidi. Soketi ya kawaida ni ya ampea 13. Fundi umeme amenivutia laini ya peke yake kutoka kwenye bodi, waya wa mm² 6 na sakiti breka ya ampea 32. Nyaya za kuongezea nimezipiga marufuku, hasa ile ya kuzungushwa kwenye gurudumu. Ikiwa imejikunja inapata moto ndani, na volti zikishuka tao linakuwa linakohoa na kijiti kinaganda.

Uniti za LUKU zinakwenda, ndiyo, lakini si kama watu wanavyodhani. Tao linawaka dakika chache tu kwa saa. Muda mwingi unapima, unakata, unasaga.

Jumamosi: ufa

Maandalizi kwanza. Nilitoa betri kabisa na kuchomoa plagi ya alteneta. Gari hili halina kompyuta ya kuungua, ila daiodi za alteneta zinaweza kufa kwa umeme wa kuchomelea. Koleo la ethi, la waya wa kurudisha umeme kwenye mashine, nililibana kwenye chesisi yenyewe, sentimita chache kutoka kwenye ufa. Ukilibana mbali, kwa mfano kwenye ringi, umeme unapita kwenye bearingi kutafuta njia na kuziachia vidonda. Bomba la breki lililo karibu nililifungua klipu zake na kulisogeza. Ndoo ya mchanga na kizimamoto vilikaa mkono wa kushoto. Nilimwomba mama wa jirani aanue nguo zake kwanza, maana cheche za grenda zinaruka ukuta.

Nilisafisha rangi, kutu na mafuta upana wa mm 50 kila upande. Kwa kusafishia mafuta tumia kitu kisicho na klorini. Dawa nyingine za kusafishia breki zina klorini, na mvuke wake ukikutana na tao unageuka fosjini, gesi ya sumu. Sabuni na maji, kausha, basi.

Kisha chaki tena, ili kuona mwisho halisi wa ufa, ambao kila mara uko mbele ya pale jicho linapoishia. Hapo nikatoboa tundu la mm 5. Ufa unakwenda kwa sababu ncha yake ni kali mno. Ukiupa mwisho wa mviringo, unakosa pa kushika. Baada ya tundu nikachimba mfereji wa umbo la V kwa disiki nyembamba kufuata ufa wote, mpaka karibu na upande wa pili. Ukuta wa chesisi hapo ni mm 3 na kidogo kwa kalipa, kwa hiyo mkono usitetemeke.

Elektrodi nilizotumia hapa ni E7018 za mm 2.5, kijiti kwenye chanya, ampea 80. Kwa kazi za mageti E6013 inatosha na inawaka kirahisi, hata mtoto wa mtaani anaiwasha. Hizo namba mbili za mwanzo zinaonyesha nguvu ya mshono: 60 ni paundi 60,000 kwa inchi ya mraba, 70 ni 70,000. Ila sababu yangu si nguvu. E7018 ni za haidrojeni kidogo, na haidrojeni inayotoka kwenye unyevu ndiyo inayoleta nyufa ndani ya mshono baada ya kupoa. Sharti lake ni kwamba ziwe kavu. Masika haya, pakiti iliyoachwa wazi usiku mmoja haina tofauti na kijiti cha kawaida. Nilinunua pakiti ndogo iliyofungwa, nikafungua asubuhi, zilizobaki nikazitenga za kazi zisizo na hatari.

Mishono ilikuwa mifupi, kutoka kwenye tundu kurudi ukingoni, nikibandua maganda na kupiga brashi ya waya kila mara, na kuacha chuma kipoe chenyewe. Maji hapana. Kumwagia maji chuma cha moto ili uwahi ni kukifanya kiwe kigumu na chenye kuvunjika. Nilipomaliza nikasaga mshono usawa na chesisi. Mwisho chaki ikabaki nyeupe kila mahali.

Juu ya hapo imekuja pleti ya kuimarisha, mm 4, niliyoikata umbo la almasi, ndefu kwa urefu wa chesisi. Wengi wanaweka kipande cha mstatili na kukizungushia mshono pande nne. Hapo umerudisha mishono miwili ya wima ile ile iliyoleta balaa, umeisogeza tu. Kwa umbo la almasi ugumu unaingia na kutoka taratibu. Nimechomelea pande za mteremko tu na kuziacha ncha za mbele na nyuma bila mshono, na sijagusa kingo za juu na za chini za chesisi, kwa sababu huko ndiko kunakobeba mvuto na mgandamizo mkubwa gari linapobonyea. Katikati ya kimo cha ukuta, kati ya kingo hizo mbili, kunabeba kidogo. Hilo la katikati linarudi tena kwenye bolti.

Kabla ya kusahau: mdogo wangu alitazama tao mara chache bila kioo akiwa pembeni. Macho hayaumi saa ile. Yanaanza usiku, baada ya muda wa kama saa 6 hadi 12 tangu utazame, unahisi mchanga chini ya kope. Nyumbani walianza kukata viazi vibichi wamwekee. Nikampeleka zahanati. Sasa ana kofia yake ya kuchomelea.

Bampa: maboksi kabla ya chuma

Siku nzima ilikuwa ya mkasi na gundi. Nilipasua maboksi ya friji, nikajenga bampa la karatasi mbele ya gari, likiwa na nafasi ya winchi, taa na jeki. Karatasi inakuonyesha mambo ambayo mchoro unayaficha: kwamba feni haitapata hewa ukipandisha ukuta wa mbele sana, na kwamba tairi likikata kona huku springi imebonyea linataka nafasi zaidi ya ile unayoiona gari likiwa limetulia. Mabawa ya pembeni nimeyakata yapande, ili gari likifika kwenye ukingo wa korongo tairi ndilo liguse kwanza.

Halafu hesabu ya uzito, maana bampa la zamani lilishatufundisha. Chuma ni kilo 7.85 kwa kila mita ya mraba yenye unene wa mm 1. Shiti nzima ya mita 2.44 kwa 1.22 ikiwa ya mm 3 ni kilo 70. Ya mm 6 ni 140. Nikipima vipande vya karatasi, napata hivi: kitanda cha winchi, pleti ya mm 6, kilo 14. Pleti mbili za kushikia kwenye chesisi, mm 8, kilo 7 na nusu. Mabawa na uso, mm 3, kilo 10. Bomba moja la juu la kulinda radieta na taa, mm 48.3 lenye ukuta wa mm 3.2, linakuja kilo 3.56 kwa mita, kwa hiyo kilo 8. Jumla kama 40. Waya wa chuma wa winchi ni kilo 11 hivi, na kamba ya sintetiki ya urefu ule ule haifiki 2, kwa hiyo nimechagua kamba. Pia kamba ikikatika hairudi na nguvu ya kukata mtu miguu kama waya. Ubaya wake ni jua na mchanga, basi nitaishonea mfuko wa turubai.

Kuna shule ya mawazo hapa mjini kwamba bampa likiwa jepesi si bampa. Wenye shule hiyo ndio wateja wakubwa wa springi za mbele.

Kitanda cha winchi na njia ya nguvu

Winchi ni ya paundi 12,000, yaani kilo 5,443. Kanuni ya kawaida ni mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa limejaa. Mkonga wenye mzigo ni tani 3 hivi, kwa hiyo 4.5 ingetosha na hii ina akiba. Nguvu hiyo iliyoandikwa ni ya tabaka la kwanza la kamba kwenye ngoma. Kila tabaka linaloongezeka juu linaipunguza. Ndiyo maana kapi la kuzungushia kamba, linalozidisha mvuto, ni kifaa cha lazima.

Matundu ya winchi za namna hii yanafuata kipimo kimoja, mm 254 kwa mm 114.3, bolti nne za M10 (unene wa mm 10). Nilitengeneza kiolezo cha plaiwudi kwanza, nikakihakikisha kwenye winchi, kisha nikatoboa pleti. Pleti yenyewe imekunjwa Unga Limited, kwenye mashine, umbo la L, mkunjo mmoja. Ningeweza kuchomelea vipande viwili vya kona, lakini mkunjo hauna mshono wa kupasuka.

Cha muhimu zaidi ni kujua tani hizo zinapita wapi. Zinatoka kwenye kamba, zinaingia kwenye ngoma, bolti za M10, kitanda, pleti mbili za mm 8, na kutoka hapo zinaingia kwenye pembe za chesisi. Uso wa mm 3 hauko kwenye njia hiyo, ni nguo tu. Ndiyo maana unaweza kuwa mwembamba. Mapete ya kuvutia nayo nimeyaweka kwenye pleti zile zile, nikazizidishia unene kwa kipande kingine cha mm 12 na tundu la mm 25, ili sheko (pingu ya chuma ya kufungia kamba) la tani 4.75, lenye pini ya mm 22, liingie na kucheza.

Pleti zinafungwa na bolti za M12, daraja la nguvu 8.8. Mbili zinatumia matundu ya kiwandani. Mengine nimetoboa katikati ya kimo cha ukuta, kule kusikobeba mengi. Pembe ya chesisi ni boksi lenye uwazi ndani, na ukikaza bolti inayopita boksi tupu, kuta zinabonyea, bolti inalegea, unakaza tena, zinabonyea tena. Ndani ya kila tundu nimepitisha kipande cha bomba nene kilichokatwa sawasawa na upana wa ndani, bolti inapita humo. Kukiingiza kupitia mdomo wa chesisi kwa waya na sumaku ni kazi ya kutukana kimyakimya.

Kuchomelea bampa

Siku ya kuchomelea haina mengi kama maandalizi yamefanyika. Bampa limefungwa kwenye gari kwa bolti zake zote, nikapiga vinukta tu, vinukta vinne kila kipande, kisha nikapima pembe kwa pembe. Mshazari mmoja ulizidi mwingine kwa mm 3. Nyundo mbili zikausawazisha, jambo ambalo haliwezekani ukishapiga mshono mzima. Halafu tukalishusha chini.

Chuma kinapopoa kinajivuta kuelekea kwenye mshono. Kwa hiyo nilichomelea vipande vya mm 40 au 50, kimoja kulia, kingine kushoto, juu, chini, kila mara nikienda pale palipopoa zaidi. Kitanda kilifungwa kwenye kipande cha U-cheneli kwa klempu wakati wote ili matundu ya winchi yasihame. Mashine yangu imeandikwa ampea 200, lakini kwa ampea 120 inataka kupumzika kila baada ya dakika chache, na mapumziko yake nayatumia kubandua maganda.

Jirani mwingine, mtu mwema sana, alileta bure bomba la maji lililobaki kwenye ujenzi wake. Nimemshukuru, nimelitumia kwa kamba ya nguo. Ni la zinki, na zinki ikichomelewa inatoa moshi mweupe unaoleta homa jioni yake: baridi, kutetemeka, viungo kuuma. Huku kwetu mtu anakimbilia kupima malaria na haioni. Ukilazimika, saga zinki yote kwanza, fanya kazi nje, upepo ukiwa nyuma yako, na barakoa ya vichujio.

Reli za ubavuni

Hizi ni rahisi kuliko zinavyoonekana. Kila upande kuna bomba la mraba 50 x 50 x 4, la nje ni bomba la duara 48.3, na miguu mitatu kwenda kwenye chesisi. Kama kilo 21 kila upande. Zimeinuliwa kidogo kwa nje ili jeki ya kupanda ishike bila kuteleza, na hazigusi bodi popote. Nimeacha nafasi ya kidole kati ya reli na kizingiti cha mlango. Kebini imekaa juu ya raba na chesisi inajisokota chini yake. Ukiziunganisha mbili hizo kwa chuma, mlango mmoja utaanza kukataa kufunga.

Miguu nayo ni ya bolti, kwenye pleti zenye kona zilizozungushwa, bolti katikati ya ukuta na bomba ndani kama kule mbele. Mguu wa nyuma upande wa kushoto ulidai kupita karibu na tanki la mafuta. Nilikusanya mguu huo mezani, nikatoboa tundu lake kwa drili, na hakuna cheche iliyotoka upande huo wa gari. Tanki lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa, hata kama ni dizeli.

Rangi

Brashi ya waya, msasa, praima ya zinki, rangi nyeusi isiyong'aa. Ndani ya pembe za chesisi nimemwaga nta ya kuzuia kutu. Nyeusi isiyong'aa inaficha uchomeleaji mbovu, na wengi wanaichagua kwa hiyo. Mimi nimeichagua kwa sababu nitairudia kwa brashi kila mwaka bila kulinganisha.

Umeme wa winchi

Gari langu ni la volti 12. Winchi ikivuta kwa nguvu zote inakula ampea karibu 400, hakuna alteneta inayofuata kasi hiyo. Nyaya ni za mm² 50, fupi iwezekanavyo, zimepita kwenye hosi ya raba kila zinapokutana na ukingo, na kuna swichi kubwa ya kukata karibu na betri. Nje ya kazi swichi imezimwa. Waya wa winchi uliochunwa kwenye ajali ndogo unatosha kuchoma gari zima.

Majaribio

La kwanza lilikuwa mtaroni, nyuma ya uwanja wa mpira. Tairi la mbele kulia juu ya tuta, la nyuma kushoto juu ya jingine, nikazima injini na kuzunguka na tochi. Nafasi kati ya bampa na fenda ilikuwa tofauti kulia na kushoto, kama inavyotakiwa, na hakuna kilichogusa. Milango ilifunguka na kufungwa. Chaki kwenye ule ufa: nyeupe.

La pili, kamba. Kamba mpya lazima ifunguliwe karibu yote na kurudishwa ikiwa na mzigo, la sivyo tabaka za juu zinazama katikati ya za chini. Tulifunga kwenye mti mnene kwa mkanda mpana ili tusikate gome, mdogo wangu akashika usukani, mkonga ukajivuta wenyewe juu ya mteremko. Mizunguko kumi ya mwisho tuliiacha kwenye ngoma. Hiyo ndiyo inayoshika, bolti ya mwisho wa kamba haina nguvu yoyote ya maana.

La tatu, safari yenyewe: Mto wa Mbu, Engaruka, hadi Engare Sero chini ya Ol Doinyo Lengai. Barabara ile ina kila kitu: rafu inayotikisa meno, makorongo ya mchanga, vumbi la majivu na mawe makali ya lava. Kwenye rafu ndipo nilipolisikiliza gari zaidi. Bampa la zamani lilikuwa linapiga kelele ya chini kwa chini, na kofia ya injini ilikuwa inacheza. Sasa usukani umetulia na pua haizami sana kwenye mashimo, ingawa springi ni zile zile. Reli ya kushoto ilipokea jiwe moja kwenye korongo la pili baada ya Engaruka. Reli ina mkwaruzo, lakini mlango ulibaki mzima.

Niliporudi niliosha chini yote kwa maji mengi, maana vumbi la kule lina magadi, kisha nikapitia bolti kwa spana ya kupimia nguvu: M12 kwa Nm 80, M10 kwa Nm 45. Bolti mbili za mguu wa kati kulia zilisogea robo mzunguko. Nyingine hazikutikisika. Nimezipiga zote mstari wa rangi nyeupe kupitia nati na pleti, zikisogea tena nitaona bila spana.

Yaliyobaki

Mfuko wa turubai wa kamba. Kipande cha kukinga radieta ya chini, labda pleti ya mm 4 yenye matundu ya kutolea matope, kifungwe kwa bolti. Nataka pia kulitazama bodi la nyuma: limefungwa kwenye chesisi kwa yubolti (bolti za umbo la U) nane, zote zimekazwa kama mtu anafunga jeneza, na nyuma ya kebini naona rangi imeanza kupasuka mstari mmoja. Wiki ijayo chaki inaanzia hapo. Kama ni rangi tu, nitaweka springi kwenye yubolti za mbele ili bodi liweze kuelea kidogo. Kama si rangi tu, mzee ameshasema atakuja, ila safari hii anataka ugali na samaki.